Mnara Usio na Taa, Simu Isiyo na Waya: Habari za Kupeleka Maneno kwa Nuru

Katika kata ya Mitole, iliyo bara ya Kilwa katika Mkoa wa Lindi, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania siku hizi, mtu akishindwa kuzungumza na ndugu yake aliye Dar es Salaam husema kwamba mnara hausomi. Ni maneno ya kila siku, wala hakuna anayeyashangaa. Lakini mwenye kuchunguza asili ya maneno akiyasikia hana budi kusimama kidogo. Neno simu limetoka katika Kiajemi, na maana yake huko ni fedha, tena uzi wa madini, yaani waya. Neno mnara limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mahali pa nuru. Basi mtu wa Mitole anapotaja “mnara wa simu” anataja, kwa hesabu ya asili, “mahali pa nuru pa waya”. Na kitu chenyewe hakipeleki habari kwa nuru, wala hakina waya unaomfikia yeye. Taa nyekundu iliyo juu yake ni ya kuwaonya marubani tu.

Jambo hili lisingekuwa zaidi ya mchezo wa maneno kama si mabadiliko yaliyotokea katika miaka ya karibuni. Mafundi wa mawasiliano, baada ya kutumia waya na mawimbi ya redio kwa muda mrefu, wamerudi kwenye nuru. Vyombo vilivyo angani sasa vinapelekeana habari kwa miale, na vifaa vya nyumbani vinaweza kufanya vivyo hivyo. Walimu na watunga istilahi watatakiwa kuyaeleza mambo haya kwa Kiswahili, na swali litakalowakabili ni hili: je, maneno ya zamani yaliyokwisha kuhama maana yake yanaweza kuchukua mzigo mpya, au yafaa kuundwa maneno mengine? Jibu halipatikani kwa kutazama vyombo peke yake. Hupatikana kwa kufuata historia ya vyombo na historia ya maneno, bega kwa bega.

Mahali pa nuru

Kiarabu huunda majina mengi ya mahali kwa kutanguliza ma- mbele ya mzizi. Mzizi wa n-w-r, ambao umekipa Kiswahili neno nuru, ndio huo huo uliotoa jina la mnara. Na Waarabu waliutumia kwa ule mnara mashuhuri wa taa uliokuwa Iskanderia. Neno lilipoingia katika Kiswahili, ile silabi ya kwanza ilifupishwa, na masikio ya Waswahili yakaisikia kuwa kiambishi cha ngeli ya mti na miti. Wingi wake ukawa minara, kwa kanuni ya Kibantu iliyo safi kabisa. Tangu hapo neno likatengana na ndugu yake. Msemaji wa Kiswahili, asipofundishwa, hasikii tena nuru ndani ya mnara. Husikia kitu kirefu kilichosimama.

Pwani ya Kilwa inalo neno hili katika jina la mahali. Kusini ya Kilwa Kisiwani kiko kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu ya mji uliostawi katika karne za 14 hata 16, nayo magofu hayo yameandikwa pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Neno mnara ndilo linalokitofautisha kwa jina kisiwa hiki na Songo Songo, kilicho kaskazini. Yafaa kukumbuka kwamba misikiti ya kale ya pwani kwa kawaida haikujengwa na minara ya kuadhinia. Kwa hiyo neno lilijulikana hata mahali ambapo kitu chenyewe kilikuwa kigeni.

Minara ya taa ilikuja kuwa jambo la kawaida baadaye, meli za mvuke zilipozidi. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na mnara wa taa mjini Unguja, mbele ya Beit al-Ajaib. Uliharibiwa na mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Mnara wa namna hiyo hupeleka habari kwa nuru bila waya wowote, lakini habari yenyewe ni neno moja tu: “Mimi ni hapa.” Nahodha hawezi kuuliza, wala mnara hauwezi kujibu. Ili nuru iwe na maneno mengi, ilihitaji alfabeti.

Kioo na jua

Alfabeti hiyo ilipatikana katika alama za Morse, zilizobuniwa kwa ajili ya waya. Mwaka 1869 Henry Mance, Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya simu za Ghuba ya Uajemi, alitengeneza kioo cha kupelekea ishara kwa nuru ya jua. Kioo kilikaa juu ya miguu mitatu, kikaelekezwa kwa uangalifu kwenye kituo cha pili, na kwa kubonyeza kitufe kikainama kidogo na kurudi. Aliye mbali aliona mmeto mfupi au mrefu, naye akasoma herufi. Chombo hiki kiliitwa heliografu, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya jua na kuandika.

Sifa zake zilikuwa tatu. Kilikuwa chepesi, mtu mmoja akiweza kukibeba. Hakikuhitaji nguvu yoyote ila jua. Tena nuru yake ilikuwa nyembamba, hata mtu aliye kando ya mstari hakuiona, basi siri ilihifadhika. Kwa vioo vya kawaida askari walisomana kwa makumi ya kilometa. Na mwaka 1894 wapiga ishara wa jeshi la Marekani, wakitumia vioo vikubwa zaidi juu ya vilele vya milima ya magharibi ya nchi yao, walifikisha habari umbali wa kilometa zipatazo 295.

Aibu zake nazo zilikuwa wazi. Wingu likipita, maneno yalikatika. Usiku ilibidi kutumia taa. Tena pasipo vilima vinavyotazamana hapakuwa na mazungumzo. Majeshi yaliyopigana Afrika ya Mashariki mwaka 1914 hata 1918 yalikuwa na vioo hivi pamoja na simu za waya. Lakini nchi iliyo bara ya Kilwa haikuwa rafiki wa kioo. Waingereza walipokwisha kuitwaa Kilwa mwezi wa Septemba 1916, mapigano yaliingia bara: Kibata, katika vilima vya Wamatumbi, mwezi wa Desemba 1916 na Januari 1917, kisha Narungombe tarehe 19 Julai 1917. Hiyo ni nchi ya misitu na vichaka, na masika yake ni mazito. Nuru haipenyi majani, wala haipenyi mvua kubwa. Chombo kilichong'aa juu ya milima mikavu kingekosa pa kutazama katika vichaka hivyo.

Na nchi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha, miaka michache kabla, kwamba habari inaweza kwenda pasipo chombo chochote. Mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kuhusu maji yalienea mwaka 1904 na 1905 kwa mnong'ono, mtu kwa mtu, kijiji kwa kijiji, hata pamba ilipong'olewa huko Nandete mwezi wa Julai 1905 serikali ya Kijerumani ilikuwa haijajua ukubwa wa jambo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kupita. Mwenye kuandika historia ya mawasiliano katika upande huu wa Lindi asisahau kwamba chombo chepesi kuliko vyote kimekuwa kinywa cha mtu anayeaminiwa.

Waya na upepo

Wakati kioo kikitumiwa na askari, waya ulikuwa umeishika pwani. Mwaka 1879 ulitandazwa mkongo wa simu chini ya bahari toka Aden hata Unguja, ukaendelea kusini hata Msumbiji na Durban. Na mwaka 1890 Unguja ikaunganishwa na Bagamoyo na Dar es Salaam. Neno simu lilikuwa jina linalolingana na kitu: kulikuwa na waya, na waya ulipeleka habari. Watu walipiga simu na kupokea simu, na karatasi iliyoandikwa ile habari nayo ikaitwa simu. Hapa tayari neno lilikuwa limeanza safari. Lilikuwa limetoka kwenye waya, likafika kwenye kazi ya waya, kisha likafika kwenye tunda la kazi hiyo. Ilipokuja simu ya kuzungumzia, watu hawakutafuta jina jipya. Walisema simu ya mdomo, na ile ya kwanza wakaitofautisha kwa kuiita simu ya maandishi.

Kisha waya wenyewe ukaondoka. Wajerumani walijenga vituo vya kupeleka habari bila waya huko Mwanza na Bukoba, na baadaye Dar es Salaam. Kituo cha Dar es Salaam kilipigwa mizinga na manowari ya Kiingereza Astraea tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya. Ushahidi wa kutosha kwamba maadui walijua thamani yake. Waswahili walikiita chombo hiki simu ya upepo. Jina hili ni la kuchunguzwa kwa makini. Kwa asili yake lina maana ya “waya wa upepo”, nalo halikumkera mtu yeyote, kwa sababu waya ulikuwa umekwisha kusahauliwa ndani ya simu kama nuru ilivyosahauliwa ndani ya mnara. Wala upepo haubebi mawimbi ya redio; mawimbi hayo hupita hata pasipo hewa kabisa. Lakini jina lilimweleza msikilizaji jambo alilotaka kulijua: habari inakuja, na hakuna kitu cha kushikika kinacholeta.

Jina la simu ya upepo limetoweka katika matumizi ya kawaida, na neno redio likachukua nafasi yake. Hata hivyo upepo haukwenda kabisa. Siku ilipohitajika kutaja barua zinazopelekwa kwa kompyuta, Kiswahili kilikubali barua pepe, na wasemaji wengi husikia upepo ndani yake. Neno redio nalo lina asili ya Kilatini yenye maana ya mwale. Kwa hiyo hata lugha za Ulaya hazikusalimika: neno la mwale limepewa mawimbi ambayo jicho haliyaoni, kama neno la waya lilivyopewa kitu kisicho na waya. Simu za mkononi zilipoenea Tanzania kuanzia miaka ya 1990, na milingoti yake ikasimamishwa vilimani na kando ya barabara, lilitafutwa jina la milingoti hiyo. Watu waliona kitu kirefu kilichosimama, wakakiita mnara. Mahali pa nuru pakawa mahali pa redio.

Nuru ndani ya uzi

Kupeleka sauti kwa nuru si wazo jipya. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na mwenzake Charles Sumner Tainter, mjini Washington, walipeleka sauti ya mtu kwa mwale wa jua umbali wa mita zipatazo 213. Sauti ilitikisa kioo chembamba, kioo kikautikisa mwale, na upande wa pili kipande cha seleniamu kikaugeuza mtikiso huo kuwa umeme, kisha sauti. Bell alikithamini chombo hiki kuliko simu yake, lakini dunia haikukitumia. Wingu na ukungu vilikishinda, kama vilivyokishinda kioo cha Mance.

Njia moja ya kuishinda hali ya hewa ni kuificha nuru. Leza ilipopatikana mwaka 1960, na nyuzi za kioo safi zikafanikiwa katika miaka ya 1970, nuru ilitiwa ndani ya uzi na kusafirishwa humo bila kuhofia mvua. Afrika ya Mashariki iliunganishwa na ulimwengu kwa nyuzi hizi kwa njia ya bahari: mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Bara nako ukajengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Basi habari itokayo kijijini hupita hewani kwa redio mpaka kwenye mnara, na mahali fulani katika safari yake huingia kwenye nyuzi za kioo na kuwa nuru. Waya umerudi, lakini si wa madini. Ni uzi unaobeba miale.

Njia ya pili ni kuiacha nuru hewani, lakini kuielekeza kwa ustadi ambao Mance hakuweza kuuota. Mfano mzuri uko kwenye mto Kongo. Kinshasa na Brazzaville hutazamana ng'ambo na ng'ambo, lakini mto una kina na maji yake yana nguvu, na uzi wa kioo ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilometa 400. Mwaka 2021 mradi wa Taara ulipeleka habari kwa mwale wa leza juu ya maji, umbali wa kilometa 4.8. Katika siku 20 zilipita terabaiti zipatazo 700. Vioo vya pande zote mbili hujielekeza vyenyewe, vikirekebishwa kila mnara unapotikisika. Kanuni yake ni ile ile ya kioo cha mwaka 1869: vituo viwili vinavyoonana, mwale mwembamba, na alama mbili za kuwapo na kutokuwapo kwa nuru. Kilichobadilika ni kasi na usahihi.

Nuru angani

Angani hakuna wingu, wala mvua, wala jani. Kwa hiyo makao yanayoifaa zaidi nuru isiyo na uzi ni huko. Afrika ya Mashariki si mgeni wa mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa toka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi, satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru, nayo satelaiti ikapewa jina la Uhuru. Hivyo neno la Kiswahili lilikwenda angani kabla vyombo vya huko havijajifunza kusema kwa nuru. Uhuru ilipeleka habari zake duniani kwa redio.

Redio ilitosha kwa muda mrefu, na ina uwezo mkubwa. Lakini wimbi la redio ni refu, na mwale wake hutawanyika sana kabla ya kufika mbali. Mawimbi ya nuru ni mafupi mara nyingi zaidi. Mwale wake hubaki mwembamba, na maneno mengi zaidi huweza kupita kwa muda ule ule. Mwezi wa Novemba 2001 satelaiti ya Ulaya iliyoitwa Artemis ilipokea picha kwa leza toka satelaiti ya Kifaransa SPOT-4, kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Mwaka 2013 chombo cha Marekani LADEE, kilichokuwa kikizunguka mwezi, kilileta habari duniani kwa nuru kwa kasi ya megabiti 622 kwa sekunde. Kisha, tarehe 13 Oktoba 2023, chombo Psyche kikaondoka kwenda kwenye sayari ndogo yenye jina hilo, kikiwa na mtambo wa majaribio wa leza. Tarehe 11 Desemba 2023, kikiwa umbali wa kilometa milioni 31, kilileta filamu fupi ya paka kwa kasi ya megabiti 267 kwa sekunde, nayo ikapokewa kwa darubini kubwa ya Palomar huko California. Nuru ilichukua sekunde 101 kusafiri.

Wala jambo hili halikubaki kwa wataalamu wa sayari peke yao. Satelaiti nyingi za Starlink, ambayo huduma yake ilianza Kenya mwaka 2023, hupelekeana habari zenyewe kwa zenyewe kwa leza, ingawa zinaposhuka kwa mtumiaji hutumia redio. Mtu anayesoma gazeti kwa njia hiyo huenda habari yake imepita juu ya Bahari ya Hindi katika mwale.

Lakini mwale unaotoka angani ukiingia katika hewa ya dunia hukutana na adui yule yule wa zamani. Wingu likifunika darubini, habari haipokewi. Ndiyo maana vituo vya kupokea hujengwa mahali pakavu, na hufaa viwe zaidi ya kimoja, ili kimoja kikifunikwa kingine kiwe wazi. Watu wa pwani wanaielewa shida hii pasipo kufundishwa. Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 ya Shaabani, macho huelekea magharibi kutafuta mwezi mwandamo. Ni habari inayokuja kwa nuru, nayo ina maana moja tu. Na wingu likiizuia, ipo kanuni: hukamilishwa siku 30. Wahandisi wa anga nao wamelazimika kutunga kanuni za namna hiyo, za kusema nini kifanyike nuru isipoonekana. Kuhifadhi habari chomboni na kuirudia baadaye ni mojawapo.

Nuru nyumbani

Nyumbani nuru imekuwa ikipeleka habari kwa miaka mingi bila kutambuliwa. Rimoti ya televisheni hupeleka amri zake kwa miale iliyo chini ya wekundu, ambayo jicho la mtu haliioni. Simu nyingi za mkononi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na kijidirisha cha miale hiyo. Zililazwa zikitazamana, na namba au picha ikapita toka moja hata nyingine. Mwaka 2011 Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliwaonyesha watu jinsi taa ya kawaida ya LED inavyoweza kupeleka habari kwa kumetameta upesi hata jicho lisitambue, na akaliita jambo hilo Li-Fi. Mwaka 2023 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha mawasiliano ya nuru ndani ya nyumba, kiitwacho 802.11bb.

Faida na hasara hapa ni kitu kimoja kikitazamwa pande mbili. Nuru haipenyi ukuta. Kwa hiyo aliye nje hawezi kuiba maneno, na vyumba viwili havisumbuani. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, anayetoka chumbani huacha mazungumzo yake nyuma. Redio haitafukuzwa na nuru. Zitagawana kazi, kama waya na redio zilivyogawana.

Jambo la istilahi

Sasa yaweza kurudiwa lile swali la mwanzo. Wako wanaoona kwamba istilahi njema ni ile inayoeleza umbo la kitu, na kwamba neno lenye asili iliyopotoka humpotosha mwanafunzi. Kwa maoni hayo, simu isiyo na waya ni kosa, na mnara usio na taa ni kosa la pili. Historia iliyoelezwa hapa inashuhudia kinyume. Neno simu limedumu kwa sababu halikubaki kuwa jina la waya; lilikuwa jina la kazi ya kumfikishia maneno aliye mbali. Majina yaliyofungwa kwenye umbo, kama simu ya upepo na simu ya maandishi, yalififia pamoja na vyombo vyake au pamoja na ugeni wake. Neno la kazi huishi kuliko neno la chombo.

Hata hivyo sifa inayoongezwa kwenye jina la kazi si bure. Humsaidia msikilizaji katika miaka ya kwanza, chombo kingali kipya. Hapo ndipo uchaguzi unapohitaji uangalifu. Neno mwanga ni jepesi na linajulikana, lakini katika pwani lina jirani mbaya: mwanga wa ngeli ya watu ni yule aendaye kuwanga usiku. Wingi huyatenganisha, wanga na mianga, lakini umoja hauyatenganishi. Na msemo kama “mawasiliano ya mwanga” unaweza kuchekesha pale palipotakiwa kufundisha. Neno mwale ni sahihi kwa mstari mmoja wa nuru, nalo lafaa kutumiwa linapotajwa lile boriti jembamba la leza. Neno nuru lina upana unaohitajika, nalo lina sifa moja zaidi. Miale inayotumiwa na vyombo vingi vya anga na vya nyumbani haionekani kwa jicho. Katika Kiswahili mtu husemwa kuwa ana nuru usoni, au moyoni, pasipo kumaanisha kitu cha kuonwa kwa macho. Nuru isiyoonekana, basi, si maneno yanayopingana kwa Mswahili.

Kwa hiyo simu ya nuru, iliyoundwa kwa kielelezo kile kile cha simu ya upepo, ni jina ambalo lugha imekwisha kulitayarishia mahali. Haihitaji kukopa, wala haihitaji kumweleza mwanafunzi wa shule ya Mitole historia ya Kiajemi kabla hajalielewa. Atalijua mara moja kwa sababu anaijua kazi ya simu, na anaijua nuru. Huenda baada ya miaka mingi sifa hiyo nayo ikaanguka na simu ikabaki peke yake, bila upepo na bila nuru, kama ilivyobaki bila waya. Hilo halitakuwa hasara, maana litaonyesha kwamba ugeni umekwisha na kwamba watu wamekizoea kitu kama wanavyoizoea njia ya kisimani.

Neno mnara halihitaji hata sifa. Siku mlingoti wa simu utakapowekewa kioo cha leza, kikitazamana na kioo kilicho juu ya kilima kingine, jina lake halitabadilika. Watu wataendelea kusema mnara, wakimaanisha kitu kirefu kilichosimama. Na neno, pasipo mtu kulikusudia, litakuwa limerudi kwenye maana yake ya kwanza.